Mmea wa Shubiri: Faida Yake na Hatari Yake

Kila mtu ajuaye Kiswahili amesikia kitu kikiambiwa kuwa ni kichungu kama shubiri, lakini nadhani wengi wetu hatujapata kuionja shubiri yenyewe. Mimi nimeionja. Jambo hilo lilitukia miaka mitatu iliyopita, katika kituo cha mwisho cha magari ya namba 46 hapa Kawangware, na kwa kuwa lilinigharimu siku mbili za kazi na aibu isiyo ndogo, naona yafaa niwaeleze wasomaji, hasa makarani wenzangu ambao hukaa kitini mchana kutwa, na jioni hununua dawa njiani kama wanunuavyo mahindi ya kuchoma.

Jioni hiyo kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya kreti tupu la soda. Mkononi alikuwa na jani nene lenye miiba pembeni, na miguuni pake zimepangwa chupa za maji meusi kama chai isiyotiwa maziwa. Alisema kwa sauti ya mhubiri kwamba dawa ile yaondoa sukari mwilini, yashusha presha, yafunga vidonda vya tumbo, yatoa homa, tena yarudisha nguvu za ujana. Mimi nilikuwa nimesumbuliwa na tumbo kwa juma zima. Nikanunua chupa moja, nikanywa nusu gilasi kabla ya kulala, na kabla ya saa tisa za usiku nilikuwa nimekwenda chooni mara sita. Wazijuao nyumba zetu za kupanga, ambamo watu wa vyumba kumi hutumia choo kimoja kilichoko uani, wataelewa taabu yangu bila maelezo zaidi.

Siku ya tatu nilipofika ofisini nikiwa nimenyauka, mwenzangu mmoja, Mnubi wa Kibera, alicheka hata machozi yakamtoka. Kisha akaniambia, "Ndugu yangu, lile jani lina maji mawili. Wewe umekunywa yale yasiyo ya kunywa. Jumamosi njoo kwetu Makina, umwone nyanya yangu akufundishe."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuijua shubiri. Tangu hapo nimeipanda, nimeiua, nimeipanda tena, na nimesoma kila nilichoweza kupata juu yake. Lile neno la maji mawili ndilo msingi wa yote nitakayoyaeleza, nami nitalifikia. Lakini kwanza tuujue mmea wenyewe.

Shubiri si mmea wa aina moja, bali ni jamii kubwa ya mimea yenye majani manene yaliyojaa maji. Katika Kenya peke yake ziko aina zaidi ya hamsini. Nyingine hulala chini kabisa, kama ile yenye madoadoa meupe ionekanayo katika nyasi za pembezoni mwa Nairobi. Nyingine huwa vichaka vinavyompita mtu kimo, kama ile ya bonde la Kedong upande wa Naivasha, ambayo watu huipanda kuwa ua wa boma. Wakikuyu huiita thukurui, Wakamba kiluma, Wajaluo ogaka, Wamaasai osuguroi, na Wakalenjin tangaratwet. Kabila lililo na jina lake la asili kwa mmea, bila shaka limeutumia tangu zamani. Vijana wa siku hizi huziita zote alovera, ijapokuwa jina hilo kwa haki ni la aina moja tu, Aloe vera, ambayo asili yake ni Bara Arabu. Hiyo ndiyo itiwayo katika sabuni na mafuta ya kupaka, na ndiyo ipatikanayo mara nyingi kwa wauza miche walio kando ya barabara zetu. Ya kwetu iliyo maarufu zaidi katika nchi kavu ni ile ambayo wataalamu huiita Aloe secundiflora, yenye majani mapana ya kijani kilichoiva na maua mekundu.

Hata jina shubiri lina habari yake. Limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililotupa neno subira. Kwa karne nyingi shubiri bora kupita zote ilitoka kisiwa cha Sokotra, nayo ilichukuliwa kwa majahazi katika bandari za bahari hii ya Hindi. Katika karne ya 19 wenye maduka ya dawa huko Ulaya walijua pia shubiri ya Unguja, iliyofika kwao imefungwa ndani ya ngozi za wanyama. Kwa hiyo bidhaa hii si ngeni katika biashara ya pwani yetu, wala si uzushi wa matangazo ya leo. Na akina mama wa pwani, kama wafanyavyo wengi wa bara, waliijua kwa kazi nyingine tena: mtoto asipotaka kuacha ziwa, mama hupaka chuchu shubiri kidogo, na mtoto akionja mara moja hukumbuka.

Basi Jumamosi ile nilikwenda Kibera. Msomaji wa mbali akisikia jina hilo hufikiri juu ya mabati na matope tu, wala hajui kwamba latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles walikalishwa huko mwanzoni mwa karne ya 20, nao walilima mahindi na kufuga ng'ombe. Mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi kuwa mahali pa jeshi. Mwaka 2017 wajukuu na vitukuu vya askari hao walipewa hati ya ekari 288. Yule bibi ambaye mwenzangu alinipeleka kwake alizaliwa wakati bado pana malisho. Sasa uani kwake ni hatua kumi kwa hatua sita, na pande zote tatu ni kuta za mabati ya jirani.

Nikamwamkia, "Shikamoo, Haboba," kama nilivyofundishwa njiani, maana Wanubi humwita nyanya hivyo.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyekunywa chupa ya barabarani?"

Habari ilikuwa imenitangulia. Nikakubali kosa langu, naye akanionyesha shamba lake. Lilikuwa na magunia manane, makopo ya rangi yaliyokwisha kazi yake, na karai moja lililopasuka. Kupanda katika magunia si jambo geni Kibera. Baada ya machafuko ya uchaguzi, mwaka 2008, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilieneza desturi ya kujaza gunia udongo, kutia mawe katikati ili maji yashuke vizuri, na kupanda sukuma wiki juu na ubavuni. Haboba naye alikuwa na gunia mbili za sukuma na moja ya spinachi, lakini matano yaliyosalia yalikuwa ya shubiri, na makopo yote pia.

Nikamwuliza kwa nini asipande mboga mahali pote, kwa kuwa mboga huliwa. Akanijibu, "Maji." Mtungi wa lita ishirini hununuliwa, na siku mabomba yakikauka bei hupanda. Sukuma huomba maji kila siku kama mtoto anyonyaye. Shubiri yaweza kukaa majuma matatu ya Februari bila tone, na isidhurike.

Siri ya jambo hili nimeisoma baadaye, nami naiona ni ya ajabu. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa, na kupitia vitundu hivyo jua hunyonya maji yake. Shubiri hufanya kinyume. Mchana hufunga vitundu vyake vyote, na usiku, kukiwa na baridi, huvifungua, ikavuta hewa na kuiweka akiba mpaka jua litoke. Tena ngozi ya jani ina nta, na ndani ya jani mna ute ambao sehemu zake 98 na zaidi katika 100 ni maji. Ni kama mtu aliyejenga tangi ndani ya nyumba yake, na bado hufunga mlango mchana kutwa.

Faida ya pili ya gunia ni kwamba huhamishika. Mwezi wa Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata Road. Wenye miti iliyopandwa ardhini waliiacha. Wenye makopo waliyabeba kichwani pamoja na godoro na sufuria. Mtu asiye na hati ya ardhi hupanda kitu anachoweza kukibeba, na kwa watu wa namna hiyo, ambao mimi mpangaji ni mmoja wao, sijui mmea wa dawa unaofaa kuliko huu.

Sasa nieleze upandaji wake, maana hapo ndipo nilipokosea.

Shubiri hupandwa kwa vichipukizi, yaani watoto watokao shinani mwa mama. Mbegu zipo, lakini huchukua muda mrefu mno, na aina huchanganyika. Mtoto akiwa na urefu wa kama shubiri ya mkono (nalo ni neno lingine kabisa, wasomaji wasicheke) hutengwa na mama kwa kisu safi, pamoja na mizizi yake kidogo. Haboba alinipa watoto wanne akanionya nisiwapande siku ile, bali niwaweke kivulini siku nne au tano mpaka kidonda cha shina kikauke na kufanya ngozi. Nami, kwa kuwa nimesoma shule ya misheni ambako tulifundishwa kupandikiza miche ya kabeji jioni ile ile ing'olewapo, niliona hayo ni maneno ya kizee. Nikawapanda usiku huo huo katika udongo mwekundu wa Kawangware, nikaongeza samadi mbichi ya ng'ombe, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nikawanywesha kikombe kimoja kimoja. Huo ulikuwa mwezi wa Aprili, na mvua nayo ikinyesha. Baada ya majuma matatu nilimshika mmoja jani, akang'oka wote mzima, chini ameoza na ananuka. Wenzake wakamfuata.

Nilirudi Makina na soni yangu. Haboba hakunikemea, alisema tu, "Ulimwua kwa mapenzi," akanipa wengine watatu.

Mara hii nilifuata maagizo. Udongo wetu mwekundu wa upande huu wa Dagoretti hushika maji kama sifongo, kwa hiyo huna budi kuuchanganya na mchanga wa mto au kokoto ndogo, nusu kwa nusu, na mboji iliyokwisha oza kabisa, konzi mbili tu. Kopo litobolewe matundu chini. Kina cha futi moja chatosha, maana mizizi haiendi mbali. Baada ya kupanda, usitie maji mpaka juma moja lipite. Kisha mara moja kwa majuma mawili wakati wa jua, na wakati wa mvua usitie kabisa. Ukitia kidole udongoni ukaona unyevu, rudisha mtungi ndani. Mmea upate jua angalau nusu ya mchana. Lakini kama umekuzwa kivulini, utoe juani polepole, la sivyo majani hugeuka mekundu. Wekundu huo si ugonjwa. Ni kama mtu aliyetoka Limuru akapelekwa Lodwar, atazoea. Vijidudu vyeupe vinavyogandama jani kama mba hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Jambo moja la mjini sina budi kulitaja, ijapokuwa halipendezi. Maji ya mifereji yetu si maji ya kunyweshea dawa. Nimeona watu wakichota maji ya mfereji, ambayo kila mtu ajua yamepita wapi, na kumwagia mimea. Kwa dawa itakayowekwa juu ya ngozi iliyochubuka, huo ni wazimu. Maji yaliyooshea mboga au mchele yafaa, nayo hayana gharama.

Usikate jani kabla ya mwaka mmoja na nusu. Miaka miwili ni bora. Nimekwisha sema kwamba shubiri na subira ni ndugu. Hukatwa majani ya nje yaliyo karibu na udongo, moja au mawili kwa wakati mmoja, na mmea uachiwe majani yasiyopungua manane ili upate kuendelea.

Tumefika katika yale maji mawili. Ukilikata jani ukalitazama upesi, utaona chini ya ngozi ya kijani utomvu wa rangi ya manjano ukichuruzika. Huo ndio mchungu, na huo ndio shubiri ya wazee, ile ya Sokotra na ya Unguja. Katikati ya jani mna ute mweupe unaopitisha nuru, kama ute wa yai, usio na uchungu mwingi. Vitu hivi viwili vimekaa pamoja ndani ya jani moja kwa umbali wa unene wa ukucha, na kazi zao ni mbali kama mbingu na nchi.

Ule wa manjano ni dawa ya kuharisha, tena kali. Hufinya matumbo, na huutoa mwili maji pamoja na chumvi ambazo moyo wahitaji ili upige sawasawa. Mwanamke mwenye mimba asiuguse kinywani hata kidogo, wala anyonyeshaye, wala mtoto, wala mwenye ugonjwa wa figo. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliamuru dawa za kuharisha zilizotengenezwa kwa shubiri ziondolewe katika maduka yanayouza bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi kwamba ni salama. Baadaye jopo la wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani liliiweka dondoo ya jani zima katika orodha ya vitu vinavyoweza kuleta saratani. Sasa, yule kijana wa kituo cha 46 hukata jani zima, ngozi na utomvu na ute, akalichemsha katika sufuria moja. Hana nia mbaya; nimezungumza naye tangu siku ile, naye hunywa mwenyewe, kidogo kidogo, na kujisifu kwamba tumbo lake halijapata kufunga. Ninaloogopa ni wale wanunuzi wake wenye ugonjwa wa kisukari, ambao wakiisha kununua chupa huacha vidonge vya zahanati.

Tena si kila shubiri ni shubiri. Katika vichaka vya nchi ya Taita iko aina moja ndefu iliyopewa jina la Bally, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Nairobi. Majani yake yakivunjwa hunuka kama panya. Hiyo ina sumu ya kweli, ya ukoo mmoja na ile aliyonyweshwa Sokrates, yule mwanafalsafa wa Kiyunani. Mtu atokaye safari na kung'oa mmea wowote wenye majani manene njiani, akauleta nyumbani kuwa dawa, hajui amebeba nini.

Wala kung'oa huko hakufai kwa sababu nyingine, ambayo ni sheria. Katika miaka ya themanini utomvu wa shubiri ulinunuliwa sana katika wilaya kavu. Watu walikata majani msituni, wakayasimamisha yachuruzike, wakachemsha utomvu mpaka ukawa gumegume jeusi, na wafanya biashara wakausafirisha ng'ambo. Mimea ilikwisha upesi kuliko ilivyoota. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku kuvuna shubiri ya mwituni. Biashara haikufa, ila ilijificha, na mvunaji aliyekuwa akipata kidogo akapata kidogo zaidi, maana auzaye kwa kificho hawezi kubishana bei. Mwaka 2007 zilitolewa kanuni za kuwawezesha watu kulima na kuuza kwa vibali. Tena uko mkataba wa mataifa unaozuia kusafirisha shubiri za aina zote bila hati, isipokuwa Aloe vera peke yake. Kopo mbili za mlangoni hazitampeleka mtu mahakamani. Lakini mwenye kufikiri biashara na aanzie kwa maofisa wa wanyamapori, siyo msituni.

Kuhusu hiyo biashara, wasomaji wengi watapenda kujua kama kuna fedha. Huko Laikipia, karibu na Il Polei, akina mama wa kikundi cha Twala wamepanda shubiri katika ardhi ya Wamaasai iliyokuwa imechakaa kwa mmomonyoko, nao huuza majani kwa watengenezaji wa sabuni na mafuta. Lakini wao wana ardhi. Mtu wa gunia tano Kibera hawezi kushindana na shamba. Faida yake ni vichipukizi, maana mama mmoja aliyestawi hutoa watoto kadhaa kwa mwaka, nao wauza miche huwanunua. Nimewauza kumi na mmoja hadi leo. Fedha zake zilinunua kitabu cha hesabu cha mwanangu na kalamu mbili. Sitamdanganya mtu kwamba ni zaidi ya hapo.

Wafugaji wa kuku wa Kawangware nao hukatakata jani katika maji ya kuku wakisema yazuia kideri. Jambo hili limechunguzwa: katika mwaka 2002 watafiti waliandika kwamba kuku waliopewa shubiri yetu ya nchi kavu kabla ya kuambukizwa walikufa wachache kuliko wasiopewa. Wachache, lakini walikufa. Chanjo ya kideri ni rahisi na huzuia vizuri zaidi. Jani na liwe nyongeza.

Na ule ute mweupe? Huo ndio sababu ya kupanda. Simamisha jani, upande uliokatwa ukiwa chini, ndani ya kikombe kwa muda wa robo saa mpaka utomvu wa manjano uishe kutoka. Lioshe. Menya miiba na ngozi, suuza ute tena kwa maji safi, kisha utumie hapo hapo, maana ukikaa kutwa huharibika. Mwenye kuupaka mara ya kwanza ajaribu kidogo ndani ya mkono, kwa kuwa ngozi za wengine huwashwa. Hupoza ngozi iliyoungua kwa jua, iliyokauka, iliyochubuka kwa wembe, na zaidi ya yote, majeraha madogo ya moto. Mwaka 2007 ulichapishwa mkusanyo wa majaribio yaliyofanywa hospitalini, nao ulionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina yaliyopakwa shubiri yalipona mapema kuliko yale yaliyotibiwa kwa njia za kawaida, ingawa majaribio yenyewe yalikuwa machache.

Moto ndio adui yetu wa kila siku. Chumba ni kimoja, jiko li chini, mtoto hutambaa, na sufuria ya uji haina pa kuwekwa. Mwaka jana mwanangu alishika mfuniko wa moto. Mke wangu alimshika mkono chini ya maji yatiririkayo kwa dakika ishirini kamili, mtoto akilia na mimi nikihesabu kwa saa yangu, kisha akampaka ute. Malengelenge hayakutoka.

Habari hiyo ilienea katika ua wetu, nami sasa natamani isingalienea namna ile. Mwezi wa tatu baada ya hapo, mtoto wa jirani, wa miaka miwili, alivuta sufuria ikammwagikia kifuani na shingoni. Mama yake alikuja mbio mlangoni kwetu, wala hakuja kuomba maji. Alikuja kuomba jani. Mimi nilikuwa kazini. Mke wangu alipomwona mtoto alikataa. Alimpokea mtoto, akammiminia maji safi juu ya nguo zake, akaitoa ile iliyokuwa haijagandama ngozini, akamfunika kwa khanga iliyofuliwa, akamwambia mama, "Mama nanihii, hii si ya shubiri. Twende hospitali sasa hivi." Yule mama alidhani ananyimwa. Alisema mbele ya watu, "Yaani jani tu, na wewe umepanda makopo sita?" Maneno hayo yaliuma, maana katika ua wa kupanga mtu akiitwa mchoyo, jina hilo halimtoki.

Walikwenda kwa pikipiki. Mganga aliwaambia kwamba jeraha lolote la moto linalopita ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au lililo usoni, shingoni, mikononi, au sehemu za siri, halina dawa ya nyumbani baada ya maji; lisipakwe shubiri, wala dawa ya meno, wala unga, wala yai, maana vyote hivyo huleta uchafu na humchelewesha mtoto njiani. Kwa watu wa Kibera hospitali ya Mbagathi i karibu, na Kenyatta haiko mbali. Mtoto alilazwa majuma matatu.

Kwa muda wote huo yule mama alipita mlangoni kwetu bila kutoa salamu, na hata baada ya kurudi na mtoto alikaa kimya siku nyingi. Mtoto ana kovu chini ya shingo, lakini ageuza kichwa vizuri na acheza na wanangu. Jumapili iliyopita, tulipokuwa twatoka kanisani, mama yake alisimama kwenye makopo yetu akayatazama, kisha akamwomba mke wangu kichipukizi kimoja. Mke wangu alimkatia viwili, akamwambia avilaze kivulini mpaka Ijumaa.